Yellowknife hadi Iqaluit: kilomita 2,262 kwenye kikokotoo, siku mbili kwenye tiketi

Swali: Naishi Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, na nimepata kazi Iqaluit. Kikokotoo cha mtandaoni kinasema umbali ni kilomita 2,262 na muda wa kuruka ni kama saa 3 na kidogo. Wakala wa tiketi ananipa safari ya kupitia Edmonton na Ottawa, nilale njiani, jumla siku mbili. Mume wangu anasema wakala ananizungusha ili apate kamisheni kubwa. Nani mkweli? Na mbona kwenye ramani miji hii inaonekana mbali sana, halafu mstari wa ndege umepinda kwenda juu kana kwamba rubani amepotea?

Jibu: Dada, kikokotoo hakijakudanganya, na wakala naye hajakudanganya. Shemeji nampa nusu ya alama. Ni kweli ipo njia fupi kuliko uliyopewa, ila haipo kila siku unayoitaka, na ikiwepo haichukui saa 3. Nianze na kilomita, maana hizo zina jibu moja tu. Muda ndio wenye maneno mengi.

Yellowknife iko latitudo ya nyuzi 62.5 kaskazini, Iqaluit nyuzi 63.8. Kwa hiyo miji hii iko karibu kwenye mstari mmoja, mmoja magharibi na mwingine mashariki. Kwa longitudo, Yellowknife iko nyuzi 114.4 magharibi na Iqaluit 68.6. Tofauti yake ni karibu nyuzi 46. Sisi tuliokulia jirani na ikweta tukisikia nyuzi 46 tunashtuka, na tuna haki ya kushtuka. Kwenye ikweta kila nyuzi moja ya longitudo ni kilomita 111, kwa hiyo nyuzi 46 ni kilomita 5,100. Ukitoka Mombasa ukaelekea magharibi kwa kiasi hicho, unaivuka Afrika yote na kuipita Abidjan.

Lakini mistari ya longitudo haiendi sambamba. Yote inakutana kwenye ncha ya kaskazini, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyobanana. Kwenye latitudo ya nyuzi 63, nyuzi moja ya longitudo imebaki kilomita 50 tu. Zidisha 46 kwa 50 upate kama 2,300. Ndiyo maana safari inayoonekana kubwa kuliko Afrika ni fupi kuliko kutoka Dar es Salaam kwenda Johannesburg.

Ramani ya kwenye simu yako ndiyo iliyokuchanganya. Ramani nyingi za simu zimechorwa kwa mtindo wa Mercator, ambao unanyoosha kila kitu kadiri unavyokwenda kaskazini, ili ile mistari inayokutana ionekane sambamba. Kwenye nyuzi 63, kipimo kimevutwa mara 2.2. Umbali wa kilomita 2,262 hapo unachukua nafasi ambayo huku kwetu ingekuwa ya kilomita kama 5,000. Kikokotoo hakiangalii ramani. Kinachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili na kupiga hesabu ya tufe, kwa hiyo kwenye kilomita kiamini hicho. Angalia tu kipimo kilichoandikwa pembeni. Umbali huohuo ni maili 1,406 za kawaida na maili 1,221 za baharini, na marubani wanatumia hizo za mwisho. Watu wamegombana bure kwa sababu mmoja alisoma namba ya maili na mwenzake ya kilomita.

Kuhusu mstari uliopinda: kama kuna tufe la dunia pale maktaba au shuleni kwa watoto, chukua uzi, shika ncha moja Yellowknife na nyingine Iqaluit, uvute mpaka ukaze. Utaona uzi wenyewe unapanda kaskazini halafu unashuka. Hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya tufe. Ndege inayofuata uzi huo inaondoka Yellowknife ikielekea kaskazini-mashariki, katikati ya safari inafika latitudo ya nyuzi 65, kisha inaingia Iqaluit ikiwa imeelekeza pua kusini-mashariki, ingawa rubani hajapiga kona yoyote ya maana. Mstari unaouona wewe kuwa mnyoofu kwenye simu, ule wa kwenda mashariki moja kwa moja, ndio ulio mrefu, kama kilomita 2,310. Rubani hajapotea, dada.

Hapo hapo kuna jambo linalowapendeza sana watu wanaopenda ramani. Dira ya sumaku katika eneo hilo haina msaada mkubwa. Ukiwa Yellowknife inavutwa mashariki ya kaskazini halisi, ukifika Iqaluit inavutwa magharibi, maana ncha ya sumaku haiko mahali pamoja na ncha halisi ya dunia. James Clark Ross aliifikia ncha hiyo mwaka 1831 kwenye rasi ya Boothia, ndani ya Nunavut hiyohiyo unayohamia, eneo ambalo Iqaluit ndiyo makao yake makuu, na tangu hapo imekuwa ikihama. Sasa imeshaelekea upande wa Siberia. Kwa sababu hiyo, katika sehemu kubwa ya anga la kaskazini mwa Kanada pembe za safari na za njia za kurukia hutajwa kwa kaskazini halisi, si kwa sumaku. Wewe abiria halikuhusu sana, ila ukimsikia rubani wa huko analitaja ujue ana sababu.

Sasa muda. Vikokotoo vingi vinafanya hesabu moja: vinagawa umbali kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kilomita 800 hivi kwa saa, na kuongeza nusu saa ya kuruka, kupanda na kutua. Kwa safari yako inatoka saa 3 na robo hivi. Hesabu yenyewe ni safi. Tatizo lake ni kwamba haiulizi kama ndege hiyo ipo. Kikokotoo kitakupa muda wa kuruka kutoka Yellowknife kwenda Zanzibar pia, na hakuna atakayekuuzia tiketi hiyo.

Njia iliyopo kati ya miji hii miwili imekuwa ikihudumiwa na Canadian North, nayo hupita Rankin Inlet, mji mdogo ulio pwani ya magharibi ya ghuba ya Hudson. Haiendi kila siku, na ratiba hubadilika kwa msimu. Hiyo ndiyo njia anayoizungumzia shemeji bila kujua jina lake.

Tazama kilomita zake. Yellowknife hadi Rankin Inlet ni kama 1,136. Rankin Inlet hadi Iqaluit ni kama 1,176. Jumla 2,312. Yaani kusimama Rankin kunakuongezea kilomita 50 tu, chini ya asilimia 3, ingawa uzi wa njia fupi unapita karibu kilomita 240 kaskazini ya mji huo. Juu ya tufe, kuchepuka katikati ya safari ndefu ni nafuu kuliko watu wanavyodhani. Ila saa hazifuati kilomita. Kila kutua kuna kushuka, kuegesha, kuteremsha abiria na mizigo, kutia mafuta, kupakia upya, na wakati wa baridi kupulizia mabawa dawa ya kuyeyusha barafu. Kwa jeti, safari ya saa 3 na robo inakuwa saa 4 na nusu au zaidi.

Na siyo lazima upate jeti. Shirika hilo linatumia Boeing 737 na pia ATR 42, ndege za pangaboi za aina ambayo Precision Air inaziendesha Tanzania, kwa hiyo huenda umeshapanda ukienda Mwanza au Kilimanjaro. ATR inakwenda kilomita 500 na kitu kwa saa. Ikiwa na abiria kamili haiwezi kuruka kilomita 2,262 bila kutua, hata kama rubani angependa. Kwa ATR, vipande vyote viwili pamoja na kusubiri Rankin vinakaribia saa 6. Tiketi huandika aina ya ndege. Tafuta herufi AT4 au AT5 kwa ATR, na 73 kitu fulani kwa Boeing. Hilo litakueleza muda wako kuliko kilomita zozote.

Utakapoingia usishangae ukuta ulioko mbele ya safu ya kwanza ya viti. Ndege nyingi za kaskazini ni za mchanganyiko: mbele mizigo, nyuma abiria, na ukuta katikati unaosogezwa kulingana na siku hiyo kuna watu wangapi na mizigo kiasi gani. Unapandia mlango wa nyuma. Nyuma ya ukuta ule kuna maziwa, nepi, mboga, vipuri vya gari, maana Iqaluit haina barabara ya kuiunganisha na mji wowote. Meli zinafika majira ya joto tu, barafu ikishayeyuka. Yellowknife unayotoka ina barabara, na tangu daraja la Deh Cho lifunguliwe mwaka 2012 unaweza kuitoka kwa gari mwaka mzima. Agosti 2023, moto wa msituni ulipolazimisha watu kama 20,000 kuuhama mji, wengi waliondoka kwa magari yao. Iqaluit hakuna kitu cha namna hiyo. Ndege ndiyo daladala, ndiyo lori, na ndiyo gari la wagonjwa.

Halafu kuna saa za ukutani, ambazo nadhani ndizo zitakazowagombanisha wewe na shemeji mkianza kusoma tiketi. Yellowknife na Iqaluit zinatofautiana saa 2, na Rankin Inlet iko katikati yao. Ukiondoka Yellowknife saa 2:00 asubuhi kwa jeti, ukatumia saa 4 na nusu njiani, utafika Iqaluit saa 8:30 mchana kwa saa ya huko. Tiketi itasomeka 08:00 kuondoka na 14:30 kufika, na mtu asiyejua atahesabu saa 6 na nusu. Siku ya kurudi mambo yanageuka: unarudishiwa saa 2, safari ya saa 5 inaonekana ya saa 3, na watu wanasimulia kwamba ndege ya kurudi inakimbia zaidi. Kwa kweli inakwenda polepole, kwa sababu pepo za juu katika latitudo hizo mara nyingi huvuma kutoka magharibi. Ukienda Iqaluit zinakusukuma, ukirudi unapambana nazo. Kila muda kwenye tiketi ni saa ya mahali pale palipotajwa. Ukitaka kujua muda halisi wa safari, angalia mahali palipoandikwa muda wa jumla, usitoe saa moja kwenye nyingine kwa vidole.

Tuje kwa wakala. Piga hesabu ya njia aliyokupa: Yellowknife hadi Edmonton kilomita 1,020, Edmonton hadi Ottawa 2,850, Ottawa hadi Iqaluit 2,100. Karibu kilomita 6,000, zaidi ya mara mbili na nusu ya umbali halisi. Unashuka kusini karibu na mpaka wa Marekani ili upande tena kaskazini. Kwa macho ya kawaida ni kichekesho. Angani peke yake ni saa 8 au 9, ukiongeza kusubiri na kulala ndiyo siku mbili.

Lakini hivyo ndivyo kaskazini mwa Kanada ilivyojengwa. Mishipa yake inakwenda kusini na kaskazini, si mashariki na magharibi. Kila eneo lina mji wake mkubwa wa kusini unaolilisha. Mgonjwa wa Iqaluit anayehitaji matibabu makubwa anapelekwa Ottawa. Wa Rankin Inlet anapelekwa Winnipeg. Wa upande wa magharibi wa Nunavut, Cambridge Bay na Kugluktuk, anakuja hapo kwenu Yellowknife, na kesi kubwa zaidi zinakwenda Edmonton. Mizigo, wanafunzi na mafundi wanafuata njia hizohizo, na ndege zinafuata watu. Kati ya Ottawa na Iqaluit kuna abiria wa kujaza jeti. Kati ya Yellowknife na Iqaluit ni wachache.

Zamani palikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuruka mashariki-magharibi. Hadi tarehe 1 Aprili 1999 Nunavut haikuwepo. Eneo lote lilikuwa sehemu ya Northwest Territories, na makao makuu ya serikali yalikuwa Yellowknife. Mtumishi wa serikali aliyekuwa Iqaluit alikuwa na bosi wake kilomita 2,262 kutoka ofisini kwake. Nunavut ilipojitenga, Iqaluit ikawa makao makuu, na haja ya kukimbilia Yellowknife ikapungua. Njia ya Rankin ikabaki, lakini haina uzito wa zile za kusini.

Kwa hiyo wakala, alipoingiza tarehe yako kwenye kompyuta, huenda mfumo ulimwonyesha kilichokuwa na nafasi siku hiyo: kupitia kusini. Mawakala wa miji mikubwa hawaijui kaskazini vizuri, na wengine hawana moyo wa kujaribu tarehe nyingine. Hiyo ndiyo nusu ya alama ninayompa shemeji. Mwombe wakala kitu kimoja mahsusi: aangalie Canadian North kupitia Rankin Inlet kwa siku 3 kabla na siku 3 baada ya tarehe yako. Au wapigie shirika wenyewe. Kama mwajiri ndiye anayelipa, mwambie mapema, maana waajiri wa Nunavut wanaijua njia hii kuliko wakala yeyote wa Edmonton.

Kabla hujaikimbilia hiyo fupi, lakini, nikueleze kwa nini mimi si kila mara naichagua.

Ndege yoyote inayokwenda Iqaluit haibebi mafuta ya kufika tu. Inabeba ya kufika, kukuta hali mbaya, na kwenda uwanja mwingine unaofaa. Huku kwetu rubani anayekosa kutua Zanzibar anaiona Dar es Salaam kwa dirisha. Iqaluit imezungukwa na vijiji vyenye njia fupi zisizobeba Boeing 737; uwanja wa maana ulio kusini yake, Kuujjuaq, uko kilomita 630 hivi. Ndiyo maana utabiri ukiwa wa wasiwasi, ndege haiondoki kabisa, au inaondoka na abiria wachache ili ibebe mafuta zaidi. Uwanja wa Iqaluit wenyewe ni mzuri. Ulianzishwa na jeshi la Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia, una njia ya kurukia ya lami ya mita 2,600 hivi, na jengo jipya la abiria, la rangi nyekundu, lilifunguliwa mwaka 2017. Airbus waliipeleka A380 pale Februari 2006 kuipima kwa baridi. Na Februari 2017 Boeing 777 ya Swiss iliyokuwa inatoka Zurich kwenda Los Angeles ilitua hapo baada ya injini moja kuzima. Kwa ndege zinazovuka kaskazini kutoka Ulaya, Iqaluit ndiyo kimbilio. Kwa ndege inayokwenda Iqaluit yenyewe, kimbilio liko mbali.

Rankin Inlet nayo ni nchi tambarare isiyo na mti hata mmoja, upepo unatoka mbali bila kizuizi, na dhoruba ya theluji inaweza kukaa siku 2 au 3 bila ndege kuruka. Ukipitia Rankin, unahitaji hali nzuri sehemu tatu kwa siku moja. Ukikwama hapo, hoteli ni chache na zinajaa watu wa mgodi wa dhahabu wa Meliadine ulio jirani. Ukikwama Ottawa una hoteli za kila bei, na kesho yake kuna ndege nyingine ya Iqaluit. Hali ya hewa ikisababisha ucheleweshaji, sheria za Kanada zinalibana shirika likutafutie ndege nyingine, lakini haziliwajibishi kukulipia chumba wala chakula. Hilo ni la mfuko wako.

Kwa mtu anayehama na mizigo, miezi ya Juni hadi Septemba, ningependekeza Rankin, mradi kazi isianze kesho yake. Kwa Desemba hadi Machi, kama unaripoti kazini siku maalumu, mimi ningekwenda kwa Ottawa bila kinyongo, na ningefika siku 3 kabla. Vyovyote utakavyokwenda, hakikisha vipande vyote viko kwenye tiketi moja. Ukinunua Yellowknife–Ottawa kwa shirika moja na Ottawa–Iqaluit kwa jingine kando kando, la kwanza likichelewa la pili haliwajibiki kwako wala halikusubiri, na nauli za kaskazini si za kununua mara mbili.

Koti kubwa na viatu vya baridi usiviweke kwenye begi la chini. Januari Iqaluit hucheza kwenye nyuzi 25 hadi 30 chini ya sifuri, na kutoka ndegeni unaweza kutembea kwa miguu uwanjani hadi jengoni. Dawa, vyeti vya kazi na nguo za siku 2 vikae mkononi, kwa sababu ndege ikizidiwa uzito, kinachoachwa nyuma kwanza ni mabegi, nayo hufuata kwa ndege ya kesho au kesho kutwa. Vyombo vya nyumbani usivibebe kabisa kwa ndege. Muulize mwajiri kuhusu meli ya majira ya joto. Tarehe za mwisho za kupeleka mzigo bandarini huwa wiki kadhaa kabla ya meli kung'oa nanga, na ukiikosa meli ya mwisho unasubiri mwaka unaofuata.

Shemeji ukimwonyesha hii, mwambie wakala bado anadaiwa jibu la Rankin Inlet. Akilileta kwa maandishi, na siku za ndege na aina ya ndege, mtaweza kuamua ninyi wenyewe jioni moja.